"Mtandao Unasumbua": Safari ya Taarifa Zako Kutoka Dirishani Hadi Kwenye Hifadhi

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

"Subiri kidogo, mtandao unasumbua." Karibu kila mkazi wa kata zetu ameshayasikia maneno hayo, awe kwenye dirisha la kituo cha afya, kwenye ofisi ya ardhi au kwenye dawati la mapato. Aliyetoka kijijini alfajiri kwa bodaboda hukaa kwenye benchi akitazama saa, bila kuelezwa kinachosumbua ni kitu gani. Wengine hudhani ni kampuni ya simu, wengine hudhani ni umeme, na wapo wanaodhani mtumishi anatafuta kisingizio.

Makala haya yanaeleza namna mtambo wa kuhifadhi taarifa unavyofungwa na kuunganishwa na mtandao katika ofisi ya umma, shule, kituo cha afya au chama cha ushirika. Hatukusudii kumfanya kila msomaji kuwa fundi. Tunakusudia mwananchi ajue mahali taarifa zake zinapokaa, zinavyofika huko, na mambo anayostahili kuuliza, kwa kuwa taarifa hizo ni zake: jina la mtoto wake, historia ya matibabu yake, mipaka ya kiwanja chake na kumbukumbu ya malipo yake.

Jina moja, mambo matatu

Neno "mtandao" hubeba mambo matatu yanayotofautiana. La kwanza ni mtandao wa ndani ya jengo, yaani kebo zinazotoka kwenye kila kompyuta hadi kwenye kifaa kiitwacho swichi, ambacho huziunganisha kompyuta zote za ofisi. La pili ni njia ndefu inayoiunganisha ofisi yetu na ofisi nyingine nchini na duniani. La tatu ni mtambo wenyewe unaotunza taarifa, ambao unaweza kuwa ndani ya jengo lile lile au mbali, katika mkoa mwingine.

Njia ndefu kwa upande wetu ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009. Mkongo huo unapita Iringa na Mbeya na kufika mipakani, Tunduma kwa upande wa Zambia na Kasumulu kwa upande wa Malawi. Kwa hiyo Nyanda za Juu Kusini si mwisho wa njia. Sisi ni mapito ya mawasiliano kama tulivyo mapito ya malori na treni ya TAZARA.

Tofauti ya mambo hayo matatu ilionekana wazi Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, pale mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipopata hitilafu kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki. Intaneti ilidorora nchini kote na katika nchi jirani, na huduma zilirejea hatua kwa hatua katika siku zilizofuata. Hata hivyo, ofisi yenye mtambo wa kuhifadhi taarifa ndani ya jengo, uliounganishwa vizuri kwa kebo za ndani, haikuwa na sababu ya kukosa faili zake siku hiyo. Kompyuta ya mapokezi na mtambo ulio chumba cha pili hazihitaji kupitia baharini ili zizungumze.

Wakati mwingine hali huwa kinyume chake. Mkongo ni mzima na intaneti ipo, lakini kebo ya mita tatu iliyopita chini ya mlango imeminywa. Mwananchi huambiwa maneno yale yale: mtandao unasumbua. Ndiyo maana swali la kwanza linalofaa kuulizwa kwa upole ni hili: "Ni mtandao upi, wa ndani au wa nje?" Jibu lake hueleza kama tatizo litatatuliwa kwa nusu saa na mtumishi wa TEHAMA aliyepo, au litasubiri watu wa mbali.

Kata kama mwanzo wa njia

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya makao makuu pekee. Mkoa wa Mbeya una mfano unaoonyesha vinginevyo. Mwaka 2013 mkoa huo ulianza kutekeleza mpango wa RITA wa kuwasajili watoto wenye umri chini ya miaka mitano na kuwapatia vyeti vya kuzaliwa bila malipo, karibu na wanapoishi. Iringa na Njombe ziliingia katika mpango huo mwaka 2016. Msajili katika kituo cha afya au ofisi ya kata huandika cheti kwa mkono, kisha hutuma taarifa za mtoto kwa simu ya mkononi hadi kwenye kanzidata ya RITA.

Tazama hatua zilizomo humo. Mzazi ana karatasi, na taarifa ile ile imesafiri na kuhifadhiwa mahali pengine. Karatasi ikilowa mvua au nyumba ikiungua, kumbukumbu haijapotea. Faida hiyo ipo kwa sharti moja tu: taarifa iwe kweli ilifika, na mahali ilipofika pawe salama. Sharti hilo ndilo msingi wa yote yanayofuata.

Mtambo wa kuhifadhi taarifa ni kitu gani?

Kwa macho, mtambo wa kawaida wa ofisi ni kisanduku cha chuma chenye diski mbili, nne au zaidi ndani yake, feni ya kupoza, tundu la umeme na matundu ya kebo za mtandao. Mitambo mikubwa hufungwa katika kabati maalumu la chuma, kila kimoja kikiingia kama droo. Kazi yake ni kutunza faili za ofisi nzima mahali pamoja, ili ofisa wa ardhi na mhasibu wasome kumbukumbu ile ile badala ya kila mmoja kuwa na yake kwenye kompyuta yake.

Chumba chake kinahitaji mambo ya kawaida ambayo husahaulika. Kisiwe stoo ya mafagio na ndoo za maji. Kiwe na mlango unaofungwa, hewa inayopita na sakafu isiyoingiliwa na maji ya mvua. Hali ya hewa yetu nayo ina madai yake: unyevunyevu wa Rungwe na Mufindi hutia kutu kwenye ncha za shaba, na vumbi la Isimani au la bonde la Usangu huziba feni hadi mtambo ukapata joto kali. Panya nao hutafuna kebo laini, hivyo nyaya zipite ndani ya mabomba ya plastiki na matundu ya ukutani yazibwe.

Umeme uje kwanza kwenye betri ya akiba, ambayo mafundi huiita UPS. Betri hiyo haikusudiwi kuendesha ofisi siku nzima. Huupa mtambo dakika chache za kufunga faili na kujizima kwa utaratibu umeme unapokatika, na huukinga na msukosuko umeme unaporudi. Ili hilo litokee, betri iunganishwe na mtambo pia kwa waya wa mawasiliano, la sivyo mtambo hautajua kuwa umebakiwa na dakika chache.

Kebo yenye nyaya nane

Kebo ya kawaida ya ofisini ina nyaya nane za shaba, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi nne. Kusokotwa huko si urembo: ndiko kunakopunguza kelele za umeme kutoka nyaya za jirani. Fundi anapofunga plagi kwenye ncha ya kebo, hapaswi kuifumua jozi zaidi ya sentimita moja na kidogo. Nyaya hupangwa kwa rangi zinazojulikana, na mpangilio uwe mmoja kwenye ncha zote mbili. Katika mpangilio unaotumika zaidi, rangi hufuatana hivi: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia.

Urefu nao una mpaka. Kebo ya shaba isizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, pamoja na vipande vifupi vya kwenye ncha. Isikunjwe kama kamba ya mbuzi, isipigiliwe misumari ya kuibana, na isipite katika bomba moja na nyaya za umeme wa taa na soketi. Kila ncha iandikwe namba, na namba hizo ziandikwe pia kwenye daftari linalobaki ofisini. Fundi anayekuja miaka mitatu baadaye, akakuta kebo 40 za rangi moja zisizo na namba, atatumia siku nzima kutafuta jambo ambalo lingechukua dakika tano.

Ofisi nyingi hukosea hapa, kwa kuwa kebo mbovu inaweza kuendelea kufanya kazi. Mawasiliano ya kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde hutumia jozi zote nne. Waya mmoja ukikatika, vifaa vingi hushuka vyenyewe hadi megabiti 100 kwa sekunde, ambazo zinahitaji jozi mbili tu. Taa ya swichi huendelea kuwaka, barua huchapwa, faili hufunguka. Kinachobadilika ni muda. Kunakili terabaiti 1 ya taarifa kwa kasi ya gigabiti 1 huchukua zaidi kidogo ya saa mbili endapo hakuna kizuizi kingine. Kwa megabiti 100, kazi hiyo hiyo huchukua zaidi ya saa 22.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia gharama ya kosa hilo katika ofisi moja ya ukanda wetu. Wakati wa kupanga upya chumba, meza ilisogezwa na mguu wake ukakalia kebo iliyokuwa sakafuni. Kila usiku mtambo ulipaswa kutuma nakala ya taarifa zote kwenye mtambo wa pili na kumaliza kabla ya asubuhi. Kuanzia siku ile haukumaliza tena. Watumishi walipofungua kazi, zoezi la kunakili lilikatishwa, na ujumbe wa onyo ulikwenda kwenye anwani ya barua pepe ya mtumishi aliyekwisha kuhamishwa. Miezi mitatu baadaye, umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika, diski za mtambo wa kwanza ziliharibika. Nakala ya mwisho iliyokamilika ilikuwa ya kabla ya meza kusogezwa.

Kilichookoa kumbukumbu za miezi ile mitatu ni madaftari ya karatasi. Watumishi wawili walikaa wiki kadhaa wakiyaingiza upya, na mama mmoja mwenye shauri la kiwanja alirudi mara tatu kabla faili lake halijakamilika. Kebo mpya iligharimu pungufu ya nauli zake.

Majengo mawili na radi

Wakazi wa nyanda hizi hawahitaji kuelezwa habari za radi. Kuanzia Novemba hadi Aprili hupiga mara kwa mara, na kebo ya shaba iliyovutwa hewani kutoka jengo moja hadi jingine ni mwaliko kwake. Hata bila kupigwa moja kwa moja, radi iliyopiga jirani inaweza kusukuma umeme ndani ya kebo hiyo na kuunguza swichi, mtambo na kompyuta kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo, majengo mawili yaunganishwe kwa faiba, yaani kebo yenye nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Kioo hakipitishi umeme, hivyo msukosuko wa jengo moja hauvuki kwenda jingine kupitia nyuzi hizo. Ichaguliwe faiba isiyo na waya wa chuma ndani yake, ama chuma hicho kiunganishwe na ardhi ipasavyo. Faiba pia huvuka mita 100 bila shida, jambo linalofaa kwa kituo cha afya chenye wodi, maabara na jengo la mapokezi yaliyotawanyika. Izikwe ndani ya bomba, na njia yake ichorwe kwenye ramani ya kiwanja ili mchimba mtaro wa maji asije akaikata.

Kabati la chuma na vifaa vyote viunganishwe na waya unaopeleka umeme ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Ethi ipimwe na fundi umeme mwenye leseni, hasa kiangazi, udongo unapokauka na kupitisha umeme kwa shida.

Njia mbili, na hatari ya mzunguko

Mitambo mingi ya kuhifadhi taarifa ina matundu mawili au zaidi ya mtandao. Hayo si ya ziada. Kebo mbili zikipelekwa kwenye swichi mbili tofauti, swichi moja ikiharibika ofisi inaendelea na kazi. Lakini matundu hayo hayatumiki kwa kuchomeka tu: ni lazima mtambo na swichi zipangwe zielewe kuwa njia hizo mbili ni za kifaa kimoja.

Kosa linalofanana na hilo ni la mtu mwenye nia njema anayeokota kebo sakafuni na kuchomeka ncha zake zote mbili kwenye swichi. Taarifa huanza kuzunguka bila kikomo, kama watu wanaoitikiana wito bila mmoja kukoma, na ndani ya dakika chache ofisi nzima husimama. Swichi nzuri zina ulinzi dhidi ya mzunguko huo, lakini ulinzi huo uwashwe. Kwa mtumishi na kwa mgeni, kanuni ni moja: usichomeke kebo usiyoijua.

Anwani na funguo

Baada ya kebo, mtambo hupewa anwani ya mtandao isiyobadilika. Anwani ikibadilika kila mtambo unapowashwa, kompyuta za ofisi zitautafuta na kuukosa, kama mgeni anayefika kwenye nyumba ambayo mwenyeji amekwisha kuhama. Nenosiri lililokuja na mtambo kutoka kiwandani libadilishwe siku ile ile, kwa kuwa hujulikana na kila aliyewahi kununua mtambo wa aina hiyo. Kila mtumishi awe na nenosiri lake, na akihamishwa lifungwe. Mtambo usifunguliwe moja kwa moja kwenye intaneti, na mtandao wa bure wa wageni utenganishwe na ule wa kumbukumbu za ofisi.

Hili ni suala la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zilizohifadhiwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Kwa taasisi za umma, Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, inayosimamia matumizi ya TEHAMA serikalini. Chumba kisichofungwa na nenosiri linaloandikwa ukutani si uzembe wa kifundi tu. Ni kumwacha mwananchi bila ulinzi anaostahili.

Diski mbili si nakala mbili

Mitambo mingi huandika taarifa moja kwenye diski mbili kwa wakati mmoja. Diski moja ikifa, ya pili inaendelea. Ni jambo jema, ila lisichukuliwe kuwa ndilo nakala rudufu. Mfikirie karani anayeandika katika madaftari mawili kwa pamoja: akikosea, kosa linaingia kote, akifuta, kunafutika kote, na chumba kikiungua, madaftari yote mawili yanaungua.

Kanuni inayotumika duniani kote ni nyepesi kukumbuka: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine nje ya jengo. Kwa SACCOS au chama cha ushirika cha kata, nakala ya tatu inaweza kuwa diski ya nje inayohamishwa kila wiki na kutunzwa kwenye sefu ya mahali pengine, ikiwa imefungwa kwa nenosiri.

Nakala hizo zijaribiwe. Angalau mara moja kila miezi mitatu, faili moja lichaguliwe, lirudishwe kutoka kwenye nakala, lifunguliwe na kusomwa. Anayefanya jaribio hilo aandike tarehe na jina lake. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu.

Maswali matano ya mwananchi

Wakazi wana nafasi ya kuuliza kupitia mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya usimamizi wa kituo cha afya, bodi ya shule, mkutano wa wanachama wa ushirika, au kwa Mtendaji wa Kata na Diwani. Maswali matano yanatosha, na hayahitaji utaalamu:

1. Kumbukumbu zetu zinahifadhiwa wapi, na nani ana ufunguo wa chumba hicho?

2. Kebo zilipimwa kwa kipimo baada ya kufungwa, na karatasi ya majibu iko wapi?

3. Ipo betri ya akiba, na ethi ilipimwa lini mara ya mwisho?

4. Nakala iliyo nje ya jengo ni ya tarehe gani?

5. Ni lini mara ya mwisho faili lilirudishwa kutoka kwenye nakala, na nani alilirudisha?

Swali la pili lina uzito wa pekee wakati wa kupokea kazi ya mkandarasi. Taa ya kijani isiwe sababu ya kusaini malipo. Kipimo huonyesha kama nyaya zote nane zimefika, na kama kebo inabeba kasi iliyoandikwa kwenye mkataba. Kamati inayopokea kazi iidai karatasi hiyo, kebo kwa kebo.

Mwananchi naye ana wajibu wake. Awape watumishi majina kwa tahajia ile ile iliyo kwenye cheti, atunze stakabadhi na karatasi zake, na asikate wala kung'oa kebo anayoikuta barabarani au uani kwa kudhani ni chuma chakavu. Ndani ya faiba hamna shaba ya kuuza. Muna huduma za kata nzima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ofisi zetu ufa huo aghalabu ni kebo moja chini ya mguu wa meza. Utakapoambiwa tena kuwa mtandao unasumbua, uliza kwa heshima ni upi. Ukijibiwa kuwa ni wa ndani, uliza pia nakala ya mwisho ilikamilika lini.